Beji za Mkutano Wetu wa Python, Uvira

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kupanga mikutano lilikuwa beji. Nilichapisha kwenye beji ya kila mtu jina lake, kijiji cha asili, kolektivite, yaani eneo la chifu wake, na teritwari, yaani wilaya, kisha nikaandika sheria kwamba asiyevaa beji shingoni haingii ukumbini. Sheria hiyo ilikuwa na namba. Sheria zangu zote zilikuwa na namba.

Nina miaka ishirini na tisa na nimestaafu. Najua mtacheka. Kazi yenyewe hailipwi, kwa hiyo hata kustaafu kwake hakuna sherehe. Siku moja unampa mwingine funguo za kabati la nyaya, unarudi nyumbani. Nimepanga mikutano ya watumiaji wa lugha ya kompyuta iitwayo Python hapa Uvira tangu ule wa kwanza, na tumbo langu limepata asidi ambayo muuguzi wa mtaa wa Rugenge ameizoea kuliko alivyonizoea mimi. Nyinyi wadogo zangu mnaopokea kamati mmeniomba niandike jinsi kazi inavyofanyika. Nitaandika kama nilivyojifunza, yaani bila mwalimu na bila mpangilio.

Kuhusu ile asili, mnielewe. Hapa kwetu hakuna karatasi isiyouliza. Ukiandikishwa shule, ukipimwa malaria, ukinunua laini ya simu, utaulizwa kijiji, kolektivite na teritwari kabla ya kuulizwa unaumwa wapi. Fomu yangu ya kujiandikisha niliinakili kutoka semina moja ya kilimo niliyoikuta kwenye kompyuta ya Mama Riziki. Nilifuta neno "mihogo" nikaandika "Python". Mengine niliyaacha.

Mama Riziki ana duka la fotokopi na kuchapa karatasi pale Rugenge, na ndiye mtunza hazina wetu. Karibu yote ninayojua kuhusu karatasi nimejifunza kwake. Nilimpelekea beji ya kwanza, akaishika mbali na macho kama anavyoshika kila kitu.

"Iko muzuri," alisema. "Ila punguza jina, uongeze teritwari. Kila muntu anapenda kuona mwenzake anatoka wapi."

Nikaongeza teritwari. Katika kamati nzima hakuna aliyeona ubaya wowote. Mmoja alisifu mistari.

Mimi nilijifunza kupanga mikutano kwa njia ileile niliyojifunza Python, peke yangu na kwa simu. Nilitazama video za mikutano ya miji mikubwa, na nilizitazama bila sauti kwa sababu niliamini kuzima sauti kunapunguza data. Hakupunguzi. Lakini nilikuja kulijua hilo nikiwa nimeshatazama nyingi, kwa hiyo nilichokijua kuhusu mikutano ni kile kinachoonekana kwa macho: watu wenye beji wanakunywa kahawa. Nikaamini kwamba nguzo za mkutano ni beji na kahawa. Kahawa ilimshinda yule tuliyempa kazi hiyo. Beji nilizishughulikia mwenyewe.

Ukumbi tulipewa na kanisa moja karibu na soko. Mchungaji aliuliza mara moja tu kwa nini lugha ina jina la nyoka. Nilimwambia ni jina tu. Akasema mambo mengi huanza hivyo, akanipa ufunguo. Nawaambia hili ili mjue kwamba swali hilo litakuja na kwamba jibu refu halisaidii. Mjue pia kwamba Jumamosi asubuhi ni salongo, kazi ya usafi ya mtaa, na atakayekutwa barabarani na begi la kompyuta badala ya jembe atapewa jembe. Ratiba yangu ya kwanza ilianza alfajiri ya salongo. Niliibadilisha baada ya watu wa kamati kuniuliza, kwa upole, kama nimewahi kuishi Uvira.

Mgeni wetu mkuu mwaka ule wa beji aliitwa Rukundo. Kwao ni juu milimani, kwa wafugaji, ambao huku chini si wote wanaowakaribisha. Alishuka kusoma sekondari hapa Uvira, kisha akapata kazi ya kompyuta Bujumbura, ng'ambo ya mpaka. Tulikuwa hatujawahi kuonana ila kwenye simu. Angefundisha jambo ambalo hapa ni kubwa kuliko yote, jinsi ya kufunga vifurushi vya Python bila intaneti. Kwa wasiojua, kifurushi ni kazi ambayo mwingine ameshaiandika na wewe unaiongeza kwenye programu yako. Kwenye video zangu zisizo na sauti watu walikuwa wanaandika mstari mmoja na kifurushi kinashuka chenyewe kutoka mtandaoni. Hapa kinashuka nusu, mtandao unakatika, na unaanza upya. Rukundo alikuwa amepakua vifurushi Bujumbura muda mrefu, akavijaza kwenye diski moja, na alikuwa anavuka mpaka nayo kwenye begi.

Mlangoni nilimweka Asukulu. Ni kijana wa Makobola, huko mwambaoni, mwenye mabega ya mtu aliyekua akivuta nyavu, na alikuwa ndiyo kwanza anajifunza Python. Nilimpa karatasi ya sheria, akaisoma kwa makini kuliko mtu mwingine yeyote. Nilifurahi sana kumpata.

Mimi nilikuwa mbele ukumbini, nimepiga magoti, nabandika waya sakafuni ili mtu asijikwae. Kutoka hapo niliona watu wanavyoingia. Kabla ya kupeana mikono, macho yao yalishuka kifuani, yakasoma, yakapanda tena. Baada ya kusoma wengine walitabasamu zaidi na wengine kidogo. Kisha wakaketi. Wa bonde la Ruzizi, wale wa Luberizi na kuendelea, walikaa pamoja upande wa kushoto. Wa mwambao walikaa kulia. Wa mjini walikaa nyuma, karibu na mlango. Niliona safu zinajaa vizuri, bila kusukumana, nikashukuru Mungu kwa utaratibu.

Rukundo alifika, akapewa beji yake, akaivaa. Vijana watatu waliokuwa wanaongea mlangoni waliisoma, wakanyamaza. Mmoja akamuuliza, "Weye unatoka kule juu? Umepitia wapi?" Haikuwa sauti ya mtu anayeuliza habari za barabara. Rukundo alivua beji akaitia mfukoni, akataka kuingia.

Hayo na yaliyofuata nilisimuliwa na Asukulu mwenyewe, naye hakujipamba.

"Kaka, beji inavaliwa ku shingo."

"Iko mu mufuko."

"Karatasi inasema ku shingo. Namba ine."

"Na kama sivae?"

"Basi hauingie. Si minye, ni karatasi."

Rukundo aliisoma ile karatasi iliyobandikwa mlangoni, yote, kuanzia namba moja. Akatoa beji mfukoni, akamrudishia Asukulu kwa mikono miwili, akaenda zake na begi lake. Mimi niliona mgongo wa mtu tu, nikadhani anatafuta choo. Kwenye orodha yangu Rukundo alikuwa na alama kwamba amefika, kwa sababu beji yake ilishachukuliwa.

Saa yake ya kuongea ilipokaribia, nilipiga simu yake ikawa imezimwa. Mvua ikaanza. Ukumbi ule una paa la bati, na sikuwa nimewahi kufikiria kwamba mvua na bati vikikutana hakuna mkutano. Mtu aliye mbele anafungua na kufunga mdomo tu. Kwa hilo nilikuwa na uzoefu, kutokana na zile video. Kisha umeme ukakatika, tukawasha jenereta, na watu wote kwa pamoja wakajaribu kupakua vifurushi kwa mtandao mmoja wa simu ya Mama Riziki. Hakuna hata mmoja aliyepata. Nilijifungia chooni nikasoma ratiba yangu mwenyewe kuanzia juu, nikitafuta mahali ilipoharibika. Haikuwa na kosa.

Tulikula mapema kuliko ilivyopangwa, bugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Hapo kwenye sahani ndipo Asukulu alipomjia mwenyekiti wake, yaani mimi.

"Prezida, yule wa beji mu mufuko, njo alikuwa mugeni?"

"Yule yupi?"

Akanieleza. Sikumaliza chakula.

Niache hapo kidogo niwaambie mambo ya umeme, kwa sababu mtayahitaji na sitaki kuyasahau. Jenereta iwekwe upande ambao upepo wa ziwa unapeleka moshi barabarani, maana mchungaji ana pua. Nyaya za kurefusha zipimwe moja moja siku iliyotangulia, na mpimaji asiwe mwenye kuziazima, kwa sababu yeye atasema zote ni nzima. Mafuta yanunuliwe na mtu mmoja tu. Mkituma wawili kila mmoja atadhani mwenzake amenunua. Haya nimeyajua kwa kuyakosea, na niliyalilia kidogo, lakini yanasameheka. Umeme ukirudi watu wanasahau.

Lile la Rukundo halikuwa la namna hiyo. Ukiacha diski yake, ambayo hakuna mwingine wa kuileta, kulikuwa na jambo jingine. Huku kwetu habari ya mtu aliyerudishwa mlangoni hupanda mlima kabla yake. Kama asingerudi, hakuna mtu wa kule juu ambaye angekanyaga tena mkutano wetu. Ungekuwa mkutano wa baadhi ya watu, na aliyeukata vipande ningekuwa mimi, kwa mashine ya kuchapia ya Mama Riziki.

Nikamwandikia kuomba radhi. Niliandika mara nyingi, kila mara nikiboresha, mpaka ikawa hati ya kurasa kadhaa yenye vichwa vya habari. Niliituma. Alijibu neno moja: "Nimeona."

Mama Riziki alisikia nikisoma jibu hilo kwa sauti. "Muntu unamufukuza ku mulango, unamuomba radhi ku simu?" alisema. "Fuata muntu."

Rukundo huvuka mpaka kuja Kavimvira, mtaa wa huku kwetu, kwa shangazi yake, mwisho wa juma. Nilikwenda. Ziwa lilikuwa limepanda mwaka ule, na shangazi alikuwa amehamia vyumba vya nyuma. Vya mbele viliachiwa maji. Alinitazama kutoka viatu kwenda juu.

"Njo weye wa beji?"

"Ndiyo, Mama."

"Ikala. Anakuya. Unajua simu?"

Nilisema najua. Akanipa simu yake iliyojaa matangazo, nikakaa kwenye kigoda nafuta matangazo mpaka Rukundo alipoingia. Hakushangaa kuniona. Aliketi akavua viatu kwanza.

"Nilisoma barua yako," alisema. "Iko na yaliyomo ku mwanzo."

"Ilikuwa ndefu kidogo."

"Makosa yako umeyapanga kwa herufi. Kosa a, kosa b, mpaka kosa h. Hii h sikuielewa."

"Ni kuhusu kamba ya beji. Niliona ni fupi."

Akatikisa kichwa polepole. "Weye uliandika hata kolektivite ya muntu. Ilibakia tu kuandika ana ng'ombe ngapi."

Shangazi ndiye aliyecheka kwanza. Mimi sikujua kama nina ruhusa. "Ucheke," akaniambia, "usitufie hapa." Nikacheka vibaya.

Kisha Rukundo akaongea bila mzaha. "Sikukasirika. Nilichoka. Ku shule ya hapa, kila mwalimu mupya ananisimamisha: sema jina, sema kijiji, na darasa yote inageuka. Nilifikiri siku nitajua Python, bataniuliza Python. Nafika kwenu, bananisoma kifua."

Nilikuwa nimejitayarishia majibu njiani, mengi tu, nayo pia yalikuwa na herufi. Nikasema, "Sikuona." Ulikuwa ukweli, na sikuupanga kwa herufi.

"Na chakula?" shangazi akauliza. "Siku ile, balikula?"

"Walikula, Mama."

"Bila yeye."

"Bila yeye."

Akaenda kuangalia maharagwe yake. Nilimuuliza Rukundo kama atakuja mwaka unaofuata. Alisema hajui. Alisema ataiona kwanza hiyo beji.

Kwa hiyo mwaka mzima niliishi na beji. Nilifuta teritwari, kolektivite na kijiji, lakini Mama Riziki akasema hata jina linasema mtu anatoka wapi, na hapo alikuwa sahihi. Majina yetu hayajui kunyamaza. Tukaamua kila mtu aandike jina analotaka kuitwa. Mmoja akajiandikisha Chapati. Mwingine Docteur, yaani daktari, ingawa ni fundi wa redio. Mimi niliteseka na hilo zaidi ya siku moja, kwa sababu orodha haikupendeza tena, lakini nikaacha.

Ikabaki sehemu nyeupe kubwa chini ya jina. Mama Riziki hakuipenda. "Karatasi nyeupe hivi, bantu batasema mashini yangu imeishiwa wino. Weka kitu." Tulijaribu mchoro wa nyoka, tukamkumbuka mchungaji. Tulijaribu jina la mkutano, likawa dogo. Mwishowe, ili tu pajae, tukamwomba kila mtu aandike swali moja alilokuja nalo. Hivyo ndivyo ile desturi mnayoisifu ilivyozaliwa, na mtu akiwaambia ilikuwa falsafa, mwulizeni ni ya nani.

Karatasi ya mlangoni ilinishinda zaidi. Nilifuta sheria ya nne. Namba zikaruka kutoka tatu hadi tano, na kila nikipita dukani, ilikosubiri kuchapwa, nilikuwa naiona ile nafasi. Nikafuta zote.

Nilimtumia Rukundo picha ya beji tupu. Jibu lilikuja siku nyingine: "Niwekeeni meza. Mbele sisimami." Sikujua kama hiyo ni ndiyo. Niliweka meza. Niliipima miguu, nikaweka karatasi iliyokunjwa chini ya mmoja.

Siku ya mkutano, baada ya salongo, nilisimama mahali ambapo ningeuona mlango bila kuonekana nautazama. Watu waliingia wakisomana vifuani kama mwaka uliopita, ila sasa walikuwa wanacheka. "Weye unaulizaka kwa nini programu inakufa? Yangu haijazaliwa bado." Docteur alikuwa ameshaulizwa dawa. Rukundo hakuwepo. Tukaomba Mungu, tukawasalimu wakubwa kwa utaratibu wao, msemaji wa kwanza akasimama, na Rukundo bado hakuwepo. Nilikuwa nahesabu viti kwa mara ya pili nilipomwona Asukulu pale mlangoni anasogea pembeni.

Rukundo aliingia bila kuangalia huku wala huku. Alikuwa amevaa beji yake, aliyoiandika mwenyewe kwa kalamu palepale. Chini ya jina aliandika swali la mtandao: "Nani hapa hana koneksio?"

Alikwenda moja kwa moja kwenye meza, akaitikisa, ikawa imara, akatoa diski.

Mvua ikanyesha, kama ilivyo kawaida yake. Msemaji akawa anafungua na kufunga mdomo, mtandao ukakatika, na watu wakageuka kusoma beji, maana ndicho kitu pekee kilichobaki cha kusoma. Mmoja akaisoma ya Rukundo, akamvuta mwenzake. Baada ya muda mfupi meza ilikuwa haionekani. Wa Luberizi walikuwa wameegemea wa mwambao, na mtu wa mjini alikuwa ameshika tochi ya simu juu ya vichwa vyao. Flash zilizojazwa kutoka kwenye ile diski zilikuwa zinapita mkono kwa mkono. Rukundo alilazimika kupaza sauti juu ya mvua: iambie programu isitazame mtandaoni, itazame folda hii. Alikuwa amepakua vifurushi vya mashine mpya na vya mashine za zamani pia, za biti thelathini na mbili. Mimi nisingekumbuka hizo za zamani, na nusu ya mashine za mji huu ni hizo.

Asukulu aliacha mlango akaja na kompyuta yake chini ya koti.

"Mashini yako iko ya biti ngapi?" Rukundo akamuuliza bila kuinua macho.

"Sijue. Iko ya mujomba."

Rukundo akaifungua. "Ni thelathini na mbili. Hii ni muzee."

"Umuheshimu basi."

Hapo Rukundo akainua macho. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Asukulu.

"Weye njo ulinifukuza."

"Minye nilifuata karatasi."

"Na leo karatasi inasema nini?"

"Leo haiko. Balifuta yote." Asukulu akafikiri. "Leo nafuata flash."

Rukundo aliyatazama mabega yake. Kisha akachomeka flash, akamsogezea kompyuta. "Andika weye mwenyewe. Sitaandikia muntu wa mabega kama hayo."

Asukulu aliandika kwa kidole kimoja. Alikosea, akafuta, akaandika tena. Kifurushi kikaingia chote, mpaka mwisho. Aliendelea kuitazama skrini kama mtu anayesubiri mtandao ukatike.

"Na kule kwenu, koneksio iko?" akauliza.

"Kule juu hata umeme haiko."

"Kama Makobola."

"Makobola munatumiaka nini?"

"Jua. Na tukikosa jua, tunalala."

"Kama kule juu," alisema Rukundo, akampa ile flash abaki nayo.

Walikuwa wameambiana wanakotoka, na mimi sikuwa nimechapisha chochote.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Siku hizi Rukundo ndiye anayepanga ratiba, na wale wa juu wanashuka siku moja mapema wanalala kwa shangazi yake, ambaye analalamika na kupika. Asukulu anaongoza meza ya vifurushi. Mimi ninakuja baada ya salongo, nimechelewa kidogo, ninakaa popote penye kiti.